Boya la Nungunungu Lafika Toronto

Nyinyi vijana mnaoinamia simu kutwa, mmeniuliza Toronto kukoje tangu siku niliyoshuka kwenye gari hapa Mwanga, begi likiwa bado mkononi. Hamkuuliza kama nimekula. Hamkuuliza miguu imevimba kiasi gani. Mliuliza kama kuna theluji na kama nimewaletea viatu. Theluji haikuwepo, ulikuwa mwezi wa saba na joto la kutosha kukausha dagaa. Viatu navyo havikuwepo. Nimeona niandike mara moja, nisirudie maneno kwa kila anayepita uani. Nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo atakayeona kosa la mwandiko alinyamazie, kama mimi ninavyonyamazia mengi yenu.

Mnajua nilichotumwa. Kwa wale wanaojifanya hawajui: Zuhura, binti wa marehemu mwanangu Athumani, aliondoka hapa na mama yake akiwa na miaka mitano. Sasa ni mwanamke mzima, na kijana anayeitwa Imrani amemposa. Watu wa Imrani ni Wahindi wa Moshi, Mashia, waliohamia Kanada zamani. Baba zake wadogo Zuhura walikaa kikao siku mbili, wakala mbuzi wangu, wakaona hawawezi kuacha kazi zao, kazi ambazo mpaka leo sijaziona. Wakaniambia, "Mama, nenda wewe ukawaone hao watu. Ukisema ndiyo, tutaoza. Ukisema hapana, ndoa haipo." Basi wanaume wanne wakabaki kulinda kivuli, na mwanamke wa miaka sabini na kitu akapanda ndege.

Kabla ya hapo nilikuwa nimezungumza na babu yake Imrani kwenye ile kompyuta yenye jicho. Anaitwa Mzee Gulam. Zamani alikuwa na duka Moshi, akiuza ndoano, mishipi na vitu vya chuma. Akaniambia siku hizi kazi yake ni kuvua samaki kila Jumamosi. Nikamwambia mimi nimevua bwawa la Nyumba ya Mungu tangu maji yake yalipoanza kujaa. Akacheka. "Njoo basi, Bi Mwanaidi, tuone." Maneno hayo sikuyapenda. Ndiyo maana nilifunga kwenye kitambaa boya langu la mwiba wa nungunungu, nikaliweka katikati ya khanga zangu.

Mwanga mpaka KIA

Safari ya saa moja na nusu mpaka uwanja wa ndege ilituchukua saa tatu, kwa sababu mpwa wangu aliyeendesha gari alikuwa na rafiki katika kila kona, na kila rafiki alitaka kumwona bibi anayekwenda Ulaya. Kanada si Ulaya. Nilisema mara ya kwanza, nilisema mara ya pili, mara ya tatu nikanyamaza nikala yai langu la kuchemsha. Nilikuwa nimebeba mayai kumi na viazi vitamu. Watu walinicheka uwanjani. Baada ya saa nne za kungoja ndege ambayo tuliambiwa iko njiani, waliobaki wakicheka walikuwa wachache, na wawili kati yao walikuwa wanatafuna mayai yangu.

Uwanja wa katikati

Ndege ilitua Ulaya, kwenye uwanja ambao jina lake sitalitaja, maana hawakunikosea. Walifanya kazi yao, ila waliifanya polepole. Begi langu likapita kwenye lile sanduku linaloona mifupa, likarudishwa, likapita tena. Binti aliyevaa glovu akalifungua, akazipekua khanga zangu mbele za watu, akatoka na boya. Alilishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota nge.

Kwa wale ambao hawajawahi kuliona kwa sababu hamwendi bwawani: ni ncha ya mwiba wa nungunungu, urefu wa kidole changu cha kati, nyeusi na nyeupe. Chini nimelifunga kitanzi kidogo cha waya. Juu nimelipaka rangi nyekundu ya kucha niliyomwomba mjukuu. Mshipi unapita kwenye kitanzi na kwenye uzi niliouzungushia juu. Hakuna zaidi.

Yule binti akaniuliza kwa Kiingereza. Mimi Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu. Nikaonyesha maji kwa mkono, nikaonyesha samaki anaogelea. Akaenda kuniletea maji ya kunywa kwenye glasi ndefu ya plastiki. Sikuwa na kiu, lakini glasi ilinifaa. Nikachukua boya nikalitia ndani, likalala juu ya maji kama mume siku ya kulima. Wakaniangalia kwa huruma. Ndipo nikachomoa pini kwenye mtandio wangu, nikaining'iniza kwenye kitanzi mahali pa chubwi, ile risasi ndogo ya kuvuta mshipi chini. Boya likasimama wima. Ikabaki ncha nyekundu tu juu ya maji, kama punje ya mtama.

Akaja mzee mmoja wa kazi hiyo hiyo, tumbo kubwa, funguo nyingi kiunoni. Aliangalia glasi, akaligusa boya kwa kidole, likazama, likarudi. Uso wake ukabadilika kama aliyekutana na ndugu. Akatoa simu akanionyesha picha yake amekumbatia samaki. Akaanza kunieleza jambo refu kwa lugha yake, nami nikamweleza jambo refu kwa yangu, na foleni nyuma yetu ilikuwa ndefu hata mwisho wake sikuuona. Hatukuelewana neno, na tulikubaliana kwa kila kitu.

Nawaandikia hili kwa sababu kuna mwenzenu mmoja, hapa hapa nyumbani, huvua kwa kipande cha kandambili kikubwa kama sahani na kulalamika samaki hawali. Kuelea si kazi, hata taka zinaelea. Boya la maana ni lile unalolipa uzito mpaka linakaribia kuzama, samaki akivuta kidogo tu unajua. Kandambili yako samaki ataivuta, atachoka, atakwenda zake, na wewe umekaa unaimba.

Parkdale

Hadija, mke wa marehemu mwanangu, alinipokea akilia. Zuhura alinipokea akicheka. Ni mrefu kama baba yake. Anasikia Kiswahili chote, lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza, kisha mama yake anakigeuza, kisha mimi najibu, kisha tunaanza upya. Kumwuliza mtoto kama ameshiba ilikuwa kama kikao cha kata.

Wanakaa Parkdale, mtaa wa hapo Toronto, kwenye jengo refu la kupanga, ghorofa ya tisa, na nyumba nzima ni ndogo kuliko banda langu la mbuzi, ila ina maji ya moto. Hadija anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Anawaogesha wazee wa watu mchana, kisha anarudi kuniuliza kama nimeoga. Nilimwambia aache.

Nilidhani nitawaona wakwe siku ya pili. Nikaonyeshwa karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa friji, ina vijumba vya siku. Kila mtu ameandikwa humo. Jumamosi ya kwanza Imrani yuko kazini. Jumamosi ya pili Mzee Gulam ana daktari. Tumeandikwa Jumamosi ya tatu. Nimevuka bahari na nchi ngapi sijui, na mkwe ananiweka kwenye kijumba.

Katika kungoja huko nikapata rafiki, bibi mmoja wa Tibeti anayekaa mlango wa pili. Tulikutana kwenye lifti. Yeye ana shanga za kuomba mkononi, mimi nina tasbihi, kila mmoja akaangalia za mwenzake, ikatosha. Kesho yake akaniletea vyakula vyao, kama sambusa zilizopikwa kwa mvuke kwa kukosa mafuta. Nilikula kumi na mbili, na sikuulizwa kama ninafuata kalenda.

Ijumaa kabla ya siku yetu nikashuka na kijiko kuchimba minyoo kwenye bustani ya maua mbele ya jengo. Udongo mzuri, minyoo minene. Nilikuwa nimejaza nusu kopo yule bibi akatoka. Akaangalia kopo. Akachuchumaa kando yangu, akachukua mnyoo mmoja kwa vidole, akaurudisha udongoni, akaufunika vizuri kama anayelaza mtoto. Kisha wa pili. Nikadhani ananisaidia kwa namna ambayo sijaielewa. Alipofika wa sita nikaelewa kwamba hanisaidii. Alikuwa ananitazama machoni kwa upole kabisa na kunimalizia chambo.

Hadija akanieleza jioni kwamba dini yao haipendi kuua hata mdudu. Nikasema sawa, kila mtu na dini yake, bibi wa watu hajanikosea. Wekeni neno hilo pembeni, mtaona nilivyolisahau upesi.

Minyoo tukanunua dukani. Huko inauzwa kwenye friji, ndani ya kikopo chenye mfuniko, kama siagi.

Markham

Jumamosi asubuhi Imrani akaja kutuchukua. Kijana mpole, ndevu zimekatwa vizuri, ananiita "Bibi" kwa Kiswahili cha Moshi alichojifunza kwa babu yake. Nikamwangalia mikono kama inajua kazi. Hadija akaniambia kwa macho niache kumwangalia mikono.

Tulienda karibu saa nzima kwa gari. Markham, mji wanakokaa wakwe, ni nyumba kubwa, kila moja peke yake, kila moja na magari mawili mbele, na njiani hakuna mtu hata wa kumwuliza saa. Nikauliza wenyewe wako wapi. Wako kwenye magari.

Chakula kilikuwa tayari. Kuku wa nazi, pilau, mihogo, maembe ya kopo. Mama yake Imrani alinipakulia mara tatu na kila mara alisubiri nionje kabla hajakaa. Nikaona kumbe na wao wananiogopa. Nikafurahi kidogo, si sana.

Mzee Gulam ni mwembamba, anatembea na mkongojo, ana kifaa cha kusikilizia sikioni ambacho hukizima akichoka na watu. Kiswahili chake kimekaa kama alivyoondoka nacho. Alinisalimu vizuri, akaniuliza kuhusu mvua za kwetu, akaniuliza kama barabara ya kushuka bwawani bado ina yale mawe. Kisha akaleta sanduku.

Jamani, lile sanduku. La mbao, lina droo, na kila droo imegawanywa kwa vipande vya kadibodi, na kila chumba kimelala boya. Zaidi ya sitini. Manene yenye kichwa kama kitunguu, membamba kama njiti ya kiberiti, marefu kama kalamu. Yamepakwa vanishi, yamefungwa uzi, yana ncha nyekundu na za manjano. Ametengeneza mwenyewe mengi yake. Nikamwuliza samaki wa huku wanachagua boya kama bibi harusi anavyochagua nguo?

Akasema, "Boya si la samaki, Bi Mwanaidi. Boya ni la upepo."

Akanieleza taratibu. Yale manene ni ya maji yanayokwenda, yana nguvu ya kubeba risasi nyingi yasipeperushwe. Yale membamba ni ya maji yaliyotulia, kwa samaki mwenye mdomo wa woga. Kisha akashika moja refu, jepesi, la unyoya wa tausi uliochunwa. Hili, akasema, halifungwi juu na chini kama mengine. Linafungwa chini tu, mshipi unazama, upepo unapita juu bila kukuvurugia kitu.

Nikamwambia hilo limefungwa mguu mmoja kama mbuzi wa kuazima. Nikatoa la kwangu, nikaliweka mezani katikati ya yale sitini. Nikasema mimi hili moja limenisomeshea watoto watano. Akalitazama kwa heshima, siwezi kusema uongo. Lakini moyo wangu haukuwa mezani pale.

Ulikuwa Moshi. Nilipokuwa msichana tulikuwa tunapeleka samaki mjini na mama, tukipita kwenye baraza za Wahindi wenye maduka. Wanawake walichagua perege, wakalipa vizuri, wakatuuliza habari za nyumbani. Lakini kambare walimsukuma kwa ncha ya kiatu. Kambare niliyemvua mimi, mkubwa, mwenye mafuta, anasukumwa na kiatu kama taka. Mama alisema tusiseme kitu. Sikusema. Nilikaa nacho zaidi ya miaka hamsini, na siku ile nikakaa nacho tena nikila mihogo ya wakwe.

Bwawani

Baada ya chakula tukaambiwa sasa tunakwenda kuvua. Tukapanda gari, tukarudi njia ile ile karibu saa nzima, tukafika kwenye bwawa lililo ndani ya bustani kubwa. Nikauliza tuko wapi. Hadija akaangalia pembeni. Tulikuwa hatua chache kutoka Parkdale, nilikolala. Tumekwenda Markham kula, tumerudi tulipotoka kuvua, na hili liliitwa mpango.

Mambo ya ruhusa Imrani alikuwa ameyamaliza, sitayaeleza. Bwawa ni zuri, limezungukwa na miti, lina mayungiyungi pembeni, na mabata bukini wanatembea kwenye nyasi kama wajumbe wa kamati na kunya kama wajumbe wa kamati. Mzee Gulam aliwekewa kiti. Mimi nilisimama.

Nikapima kina kama ninavyopima siku zote. Unaweka chubwi zito kwenye ndoano, unashusha. Boya likizama lisionekane, umeliweka chini mno kwenye mshipi, lisogeze juu. Likilala, umelipandisha mno. Likibaki ncha, umefika sakafuni. Nilipopata sakafu, nikalipandisha boya shibiri moja zaidi, ili mnyoo ulale kabisa kwenye matope. Huko ndiko anakokaa samaki ninayemtaka.

Mzee Gulam akaona. "Bi Mwanaidi, ungeinua chambo. Katikati ya maji kuna samaki wazuri. Huko chini matope tu."

Nikamwambia nilianza kuvua yeye hajafungua duka. Akalichezea boya lake la tausi.

Haikuchukua muda. Ncha yangu nyekundu ikatetemeka, ikatulia, ikatetemeka tena. Mwenye haraka angevuta. Kambare huuonja mnyoo kama mkwe anayeonja chai. Nikangoja mpaka boya likaanza kutembea kando polepole, likishuka, ndipo nikainua. Akaja. Kambare kweli, mweusi, masharubu yote, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko. Hadija akapiga kigelegele kidogo, wale mabata wakakimbia. Sikuwa nimefurahi namna hiyo tangu nitoke nyumbani.

Sasa nyinyi mnajua desturi yetu. Samaki wa kwanza wa siku ya posa haendi kwenye sufuria ya aliyemvua. Nilimtoa kwenye ndoano, nikamshika kwa mikono miwili, nikaenda mbele ya Mzee Gulam. Nikamwambia, "Huyu ni wako na watoto wako. Umle."

Akasimama, na kusimama kwake ni kazi. Akaweka mkono kifuani, akashukuru, akaniambia Mungu anizidishie. Imrani akatia maji kwenye ndoo, kambare akawekwa humo. Nikaenda kwenye benchi kunywa chai ya chupa. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kuhesabu vyungu vya harusi.

Nikageuka kuchukua kikombe. Nikamwona Mzee Gulam ameinama ukingoni, mkono mmoja kwenye mkongojo, mwingine kwenye ndoo. Aliangalia kulia na kushoto. Akaiinamisha ndoo taratibu, bila kelele, na kambare wangu akaenda zake majini.

Sikusema kitu. Mama alinifundisha kutosema. Nikamwaga chai, nikafunga chupa, nikakusanya mshipi wangu. Hadija akauliza kuna nini. Nikamwambia, "Piga simu Mwanga. Waambie wasinunue mbuzi."

Zuhura alikuwa amesimama karibu. Alisikia, kwa sababu Kiswahili anasikia chote. Akaniuliza kwa Kiingereza, haraka haraka, na machozi yameshakuja. Hadija akataka kugeuza maneno, nikamzuia. Nikamjibu mwenyewe kwamba nimempa babu wa mchumba wake chakula cha ukoo wetu kwa mikono miwili, na amekitupa mgongo wangu ulipogeuka. Anayetupa chakula changu kwa siri, mjukuu wangu hataingia jikoni kwake. Nikamwambia nimeshaona hili zamani, kwa kiatu.

Yule mtoto akafuta uso kwa mkono wa blauzi. Kisha akasema kwa Kiswahili, kwa mara ya kwanza tangu nifike, neno moja moja kama anayevuka mto kwa mawe.

"Bibi. Yeye hali samaki huyu. Samaki huyu hana..." Neno likamshinda. Akanyanyua mkono, akanionyesha kucha zake, akapanga vidole kimoja juu ya kingine kama vigae vya paa. "Hana hizi. Dini yao, kama hana hizi, hapana. Haramu. Sisi tunakula, wao hapana."

"Magamba," nikasema.

"Magamba. Na babu hakukuambia, kwa sababu umempa kwa mikono miwili. Aliogopa kukuaibisha."

Nikakaa kwenye benchi. Miaka sabini na kitu nimesali na Waislamu, nimezika na Waislamu, sikujua kwamba yuko Mwislamu asiyemla kambare. Bibi wa Tibeti aliponirudishia minyoo udongoni nilijifanya mtu mkubwa wa kuelewa dini za watu. Mkwe wangu aliporudisha samaki mmoja, nikavunja ndoa. Na yule mtoto alijuaje mambo ya magamba? Alijua kwa sababu aliuliza. Alikuwa ameuliza kila kitu wanachokula na wasichokula, kabla ya mtu yeyote kukaa kikao na kula mbuzi wangu.

Halafu nikanyanyuka nikaenda kwa Mzee Gulam. Alikuwa bado ukingoni na ndoo tupu, uso wa mtu aliyekamatwa. Msidhani nilimwomba radhi. Nilimwambia, "Nipe boya."

"Lipi?"

"La upepo."

Upepo ulikuwa umeanza kweli, ukitoka upande wa barabara, na mwiba wangu mwepesi usingeuweza. Akafungua sanduku, akatoa lile la tausi, akanifungia yeye mwenyewe, chini tu, akakaza kwa risasi mbili ndogo kila upande. Vidole vyake vinatetemeka lakini fundo lake halitetemeki. Nikapandisha ndoano mpaka nusu ya kina. Nikakata mnyoo kipande kidogo. Nikatupa mbali kidogo kuliko nilipotaka, nikazamisha ncha ya ufito wa kuvulia majini na kuvuta mshipi kidogo, kama alivyonionyesha, mpaka mshipi wote ukazama. Juu ya maji mawimbi yalikuwa yanakimbia. Boya limesimama pale pale kama limepigiwa msumari. Nikajifanya natafuta mnyoo, maana nilikuwa nimelisema vibaya mbele za watu.

Tulikaa. Nikamwuliza bila kumtazama, "Moshi, kwenye baraza zenu, mlikuwa mnasukuma kambare wetu kwa kiatu."

Akakigusa kile kifaa chake cha sikio, nikadhani anakizima.

"Kutomla ni dini," akasema. "Kile kiatu hakikuwa dini. Kilikuwa jeuri yetu. Nisamehe, Bi Mwanaidi."

Kabla sijajibu boya likazama. Halikutetemeka wala kutembea, lilikwenda moja kwa moja. Nikainua. Nikatoa kisamaki kipana, cha rangi ya machungwa tumboni na michirizi ya buluu shavuni, kama perege aliyekwenda saluni. Ukubwa wake ni wa kipande cha sabuni ya hotelini. Mtu mzima angemmeza akitafuta chumvi.

Mzee Gulam akampokea akiwa hai, akirukaruka. Akapitisha ukucha wa dole gumba mgongoni kwa samaki, kutoka mkia kwenda kichwani, polepole, tukasikia sauti ile ya kukwaruza.

"Magamba," akasema.

"Nayaona," nikasema. "Kamle na watoto wako. Na muanze kutafuta tarehe, ila msinionyeshe hicho kijumba cha kalenda."

Zuhura alikuwa nyuma yetu. Alinikumbatia mgongoni kwa nguvu hata ufito ukaniponyoka, na Imrani akaingia majini na viatu vyake vizuri kuufuata. Nikamwangalia mikono tena. Inafaa.

Kurudi

Kurudi hakuna la kusimulia. Ndege ilichelewa, chakula kilikuwa kile cha kwenye sinia, mtu wa pembeni alikoroma. Yule bibi wa Tibeti alinifungia zile sambusa za mvuke, zikaisha kabla ya kuruka. Boya langu la nungunungu nimelisahau kwenye sanduku la Mzee Gulam. Amenitumia ujumbe kwamba amelipa chumba chake katikati ya droo ya juu na hana mpango wa kulirudisha. La tausi ninalo mimi, na mimi pia sina mpango. Uwanjani wale watu wenye glovu hawakuligusa hata kidogo. Nilijisikia vibaya.

Wakwe wanakuja mwezi wa kumi na mbili, watu tisa, na Mzee Gulam na mkongojo wake. Siku niliyofika niliwaita wote wa nyumba hii uani, na wale wanaume wanne waliobaki kulinda kivuli. Nikawaambia: wiki hiyo kambare asivuke mlango wa jiko langu. Mtashuka bwawani wenyewe, mtavua perege, mtawaleta hai kwenye ndoo. Na asiwepo mtu wa kuwapara magamba mpaka Mzee Gulam aje ayaguse kwa ukucha wake.